Stadi za Mawasiliano kwa Wahandisi: Historia ya Somo Lililozaliwa kwa Ajili ya Kiingereza

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitengo cha Stadi za Mawasiliano. Jina hilo lilikuwa pana kuliko kazi iliyokusudiwa. Wahadhiri wa Mlimani walikuwa wamekwisha kubaini kwamba vijana waliokuwa wakifika kutoka sekondari hawakimudu Kiingereza cha vitabu vya chuo kikuu, na kitengo kikapewa jukumu la kuziba pengo hilo. Kingeweza kuitwa kitengo cha Kiingereza cha msaada, na jina hilo lingekuwa kweli tupu. Kikaitwa kitengo cha mawasiliano. Mwanafunzi wa uhandisi anayekaa leo katika darasa la somo hilo, katika mwaka wake wa kwanza, amerithi jina lile pamoja na utata wake.

Ninaliandikia suala hili kwa sababu watu wengi hulidharau. Wanafunzi huliona kama somo la kupitisha muda kati ya hesabu na makanika. Wahadhiri wenzangu wa uhandisi huliona kama kodi wanayotozwa na kitivo kingine. Watumishi wa umma, ambao ndio hasa hula matunda yake yakiwa matamu au machungu, hawajui hata kama lipo. Hoja yangu ni kwamba somo hili lilibuniwa kutibu maradhi ya lugha ya kufundishia, likabandikwa jina la dawa ya maradhi mengine, na kwa sababu hiyo maradhi hayo mengine hayajawahi kutibiwa. Nayo ni haya: mhandisi wetu hajawahi kufundishwa kuzungumza na watu anaowajengea, wala na mafundi anaojenga nao.

Turudi nyuma kidogo, maana watu husema kana kwamba Kiswahili na ufundi wa kujenga vilikutana jana. Nyumba za mawe za Kilwa na Lamu zilijengwa na watu waliokuwa na istilahi zao kamili. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba. Fundi alijua chokaa ya kujengea na niru ya kumalizia ukuta, akajua kuchonga zidaka, akanyoosha kuta kwa timazi. Lugha ilipokutana na kifaa kipya haikusubiri kikao cha wataalamu. Ilichukua bomba na parafujo kwa Wareno, ikachukua nati na spana kwa Waingereza, kazi ikaendelea. Maarifa yalikuwa mdomoni na mikononi, yakipita kutoka kwa bwana fundi kwenda kwa mwanagenzi wake. Yalikuwa na upungufu mkubwa wa kutoandikwa, lakini hayakuwa na pengo la lugha kati ya anayejua na anayetenda.

Pengo hilo liliingia na utawala wa kikoloni. Shule za ufundi kama zile za Ifunda na Moshi zilitoa mafundi katika miaka ya 1950, na mwaka 1957 Dar es Salaam ikapata taasisi yake ya ufundi, ambayo kwa mabadiliko mengi ndiyo DIT ya leo. Mhandisi hasa, yule mwenye shahada, alitengenezwa kwingine. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963 kazi ziligawanywa: sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alivuka mpaka au bahari. Alirudi na ujuzi, na alirudi akiwa amejifunza kila jambo la taaluma yake katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wa vibarua wake aliyeijua.

Mwaka 1970 Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu kamili, na mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafungua milango yake kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Wengi wa wahadhiri wa mwanzo walikuwa wageni. Jambo moja la miaka ile hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: mhadhiri Mjerumani na mwanafunzi Msukuma walikutana katika Kiingereza, wote wawili wakiwa wageni humo, mmoja akitafsiri kutoka lugha yake ili mwingine atafsiri kuingia katika yake. Kwamba uhandisi ulifundishika katika mazingira hayo ni sifa kwa pande zote mbili.

Wakati huohuo mkondo mwingine ulikuwa ukija kwa kasi. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitarajia kwamba hatua hiyo ingepanda hadi sekondari. Haikupanda. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1967 wakakaribia mlango wa chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili na sita kwa Kiingereza walichofundishwa na walimu ambao wenyewe walikuwa wakikipapasa.

Kwa hiyo mwaka 1978 una uzito wa pekee. Mwaka huohuo kilipozaliwa Kitengo cha Stadi za Mawasiliano, Penina Mlama na May Materu walitoa ripoti yao kwa Baraza la Kiswahili la Taifa juu ya haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. Walikuwa wameingia katika madarasa ya sekondari, wakaona wanafunzi wakinyamaza pale Kiingereza kilipotumika na kuchangamka pale mwalimu alipogeukia Kiswahili. Mgonjwa alikuwa mmoja, na katika mwaka mmoja waganga wawili walimpima. Mmoja alisema lugha ya kufundishia haimfai mwanafunzi, ibadilishwe. Mwingine alisema mwanafunzi haifai lugha ya kufundishia, abadilishwe yeye. Chuo kikuu kilikwenda na mganga wa pili.

Serikali ilichukua muda zaidi kuamua. Tume ya Rais ya Elimu, ile tunayoiita Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985 na kufika chuo kikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo liliwekwa kando. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Mwaka huohuo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza nchini. Waligundua kwamba katika wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima, walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vilivyo rahisi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Mtu wa kawaida akisoma tarakimu hiyo atadhani kinachofuata ni pendekezo la kubadili lugha. Wao walipendekeza Kiingereza kibaki na kifundishwe vizuri zaidi, na kabla ya mwisho wa muongo ule mradi wa kukisaidia ukawa umeanza kwa fedha za Uingereza.

Sina nia ya kuufungua tena mjadala wote wa lugha ya kufundishia. Umeandikiwa vitabu, na pande zote mbili zina hoja. Ninachotaka kionekane ni athari yake kwa somo letu. Kuanzia hapo, stadi za mawasiliano zilikuwa na maana moja: kuandika insha ya kitaaluma kwa Kiingereza, kunukuu vyanzo, kuchukua maelezo ya mhadhara, kutoa wasilisho mbele ya wenzako. Haya yote ni muhimu. Lakini yanamtayarisha mwanafunzi kuwasiliana na mhadhiri wake. Swali la nani mwingine mhandisi atazungumza naye maishani halikuulizwa, kwa kuwa kitengo hakikuundwa kulijibu.

Kwingineko somo hili lilizaliwa kwa njia tofauti, na inafaa tulitazame kwa ufupi. Nchini Marekani Samuel Chandler Earle, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Tufts, alitoa mwaka 1911 kitabu cha kufundishia uandishi wa kiufundi. Wanafunzi wake wengi walikizungumza Kiingereza tangu utotoni, kwa hiyo tatizo lake halikuwa lugha. Alitaka mhandisi afikirie anamwandikia nani na mtu huyo anahitaji kujua nini ili atende. Mwaka 1918 ripoti ya Charles Mann juu ya elimu ya uhandisi iliwauliza wahandisi wenyewe ni sifa zipi zinazomfanya mhandisi afanikiwe, nao wakaweka tabia njema na uamuzi wa busara mbele ya ujuzi wa kiufundi.

Kizazi kile kilikuwa na mifano mibichi mbele ya macho yake. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lililokuwa likijengwa huko Quebec, Kanada, lilianguka na kuua watu 75. Vyuma vyake vilikuwa vimeanza kupinda siku kadhaa kabla. Mhandisi kijana aliyekuwa eneo la ujenzi alisafiri hadi New York kumweleza mhandisi mshauri, Theodore Cooper. Cooper alielewa hatari, akatuma simu ya maandishi kwamba uzito zaidi usiongezwe, lakini aliituma kwa kampuni iliyotengeneza vyuma huko Pennsylvania badala ya kuituma darajani. Wafanyakazi waliendelea na kazi mpaka jioni. Kosa la hesabu lilikuwapo, tena kubwa, kwani uzito wa daraja ulikuwa umekadiriwa chini ya hali halisi. Hata hivyo, siku ile yupo aliyekuwa amekwisha kujua, na habari ikapita njia isiyowafikia waliokuwa juu ya vyuma.

Nasi tuna Quebec zetu, ingawa nyingi hazianguki kwa kishindo. Zinakauka polepole. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila kaya ipate maji safi ndani ya mita 400. Ulikuwa mpango wa kishujaa, na sioni aibu kuusifu. Wafadhili waligawana mikoa: Finland ikaenda Mtwara na Lindi, Sweden ikaenda Mwanza, Mara na Kagera, Denmark ikaenda Iringa, Ruvuma na Mbeya. Mipango mikuu ya maji ya mikoa iliandikwa, majuzuu kwa majuzuu, kwa Kiingereza, yenye ramani nzuri na vipimo vya mito. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, matangi yakajengwa.

Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri kwamba ni takriban nusu tu ya wakazi wa vijijini waliokuwa wakipata huduma ya maji ya kuaminika, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi haikuwa ikifanya kazi vizuri kwa sababu ya uendeshaji na matengenezo duni. Sababu zilikuwa nyingi: vita vya Kagera, bei ya mafuta, ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri. Nisingependa kuzisahau, kwa kuwa kuna mtindo wa kuwalaumu wataalamu kwa kila kitu. Lakini ndani ya orodha hiyo kuna jambo ambalo sera yenyewe ililitambua ilipoamua kwamba tangu sasa wananchi washirikishwe tangu kupanga, wamiliki miradi na wachangie gharama. Maana yake ni kwamba hapo awali hawakushirikishwa ipasavyo. Mhandisi alifika, akapima, akajenga, akaondoka. Kijiji kilichangia nguvukazi ya kuchimba mtaro. Ripoti ilikwenda Dar es Salaam na kwa mfadhili. Hapakuwa na waraka mmoja, katika lugha inayosomeka kijijini, unaoeleza pampu ile ilihitaji nini kila mwezi ili iendelee kuishi.

Tangu sera ile, na hasa baada ya vyombo vya watumia maji kupewa nguvu ya kisheria, mhandisi wa maji wa wilaya amekuwa mtu wa mikutano kuliko mtu wa michoro. Anapaswa kusimama chini ya mwembe na kueleza kwa nini ndoo ya maji iwe na bei. Aeleze kwa nini kisima hakiwezi kuwa pale mwenyekiti anapopataka, kwa nini maji yenye ladha nzuri yanaweza kuwa na madhara. Muulize alifundishwa wapi kufanya hivyo. Atakwambia alijifunza kazini, kwa kuzomewa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu zoezi moja: andika barua ya ukurasa mmoja kwa serikali ya kijiji kueleza kwamba kisima chao kitapungua maji kila kiangazi na kwamba inabidi wajipangie zamu. Ripoti zao za Kiingereza huwa si mbaya; wamekwisha kukariri vifungu vinavyotakiwa. Barua ndiyo inayowashinda. Baadhi yao huandika Kiswahili chenye Kiingereza kila baada ya maneno mawili. Wengine, wenye bidii, huzama kwenye kamusi na kuibuka na istilahi ambazo hata mimi hunibidi nizitafute, nami sishangai tena nikikuta "mkandamizo" mahali ambapo fundi bomba na mwenyekiti wa kijiji wote wawili husema presha. Hawa wa pili wanadhani wamefanya vizuri zaidi. Kwa mwenyekiti, wote wawili wamemwandikia mtu mwingine.

Hilo haliwi sababu ya kudharau kazi ya istilahi. Mwaka 1987 Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji, iliyokuwa hapohapo Mlimani kwa ajili ya kubuni mashine zinazofaa nchini, ilichapisha kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na Rajmund Ohly. Fikiria maana yake: watu wa mashine, wala si watu wa fasihi, walihisi haja ya kamusi kwa sababu mashine zao zilikuwa ziende kwa watumiaji vijijini. Miaka mitatu baadaye TUKI ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nyenzo zilianza kupatikana. Kilichokosekana ni darasa ambalo mwanafunzi wa uhandisi angelazimika kuzitumia na kuzipima mbele ya msikilizaji halisi.

Hatari yenyewe huonekana wazi zaidi kwenye zege. Kila mwanafunzi wa ujenzi anajua kwamba maji yakizidi kuliko kiasi kinachohitajiwa na saruji, yale ya ziada huacha vitundu yanapotoka, na zege hupoteza nguvu. Anajua pia kwamba saruji haigandi kwa kukauka. Inagandishwa na maji yenyewe, ndiyo maana zege humwagiliwa siku kadhaa baada ya kumwagwa. Sasa nenda kwenye eneo la ujenzi Kariakoo au Mbagala usikilize. Zege likiwa gumu kuchanganyika fundi huongeza ndoo ya maji, kwa kuwa linateleza vizuri na koleo halimchoshi. Kesho yake atakwambia zege "limekauka", na kwa akili ya kawaida kitu kilichokwisha kukauka hakina haja ya kumwagiliwa. Neno lenyewe limempoteza. Mhandisi naye, ambaye maelezo yote anayo kichwani kwa Kiingereza, husema tu "msizidishe maji" na "mmwagilie", kisha anaondoka. Amri bila sababu hudumu mpaka gari lake lipotee kwenye kona.

Kiswahili kina neno kukomaa, ambalo kila mkulima analijua. Zege linakomaa, na linahitaji maji ili likomae, kama mahindi. Sijui sentensi ya uhandisi iliyo na faida zaidi ya hiyo kwa gharama ndogo zaidi, na haimo katika mtaala wowote wa stadi za mawasiliano ninaoufahamu. Sidai kwamba majengo yaliyoanguka jijini, likiwamo lile la Machi 2013 lililoua watu 36, yaliangushwa na msamiati. Uchoyo, vibali na usimamizi vina sehemu yao. Ninadai kwamba maarifa ya kuzuia sehemu ya maafa ya aina hiyo huwapo mara nyingi mita chache kutoka kwa mtu anayeyahitaji.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, inamtaka mhandisi mhitimu apitie miaka ya mafunzo kazini chini ya msimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mtaalamu kamili. Hapo ndipo wengi hujifunza kuzungumza, wakibahatika kumpata msimamizi mwenye subira. Ni utaratibu mzuri, lakini unakuja mhitimu akiwa amekwisha kuzoea kudhani kwamba ujuzi wake una lugha moja tu.

Wenzangu hunijibu kwamba wahandisi wetu wanashindana katika soko la dunia, kwamba zabuni na mikataba ya kimataifa ni ya Kiingereza, na kwamba kupunguza saa za Kiingereza ni kuwafungia mlango. Hoja hiyo ni nzito na ninaikubali. Tena ningeongeza Kiingereza chenyewe kifundishwe kwa kutumia mikataba na zabuni hizo, badala ya insha juu ya faida na hasara za utandawazi. Lakini hesabu rahisi inabaki: wachache wa wahitimu wetu watakaa meza moja na benki ya kigeni, na karibu wote watasimama mbele ya mafundi, vibarua, madiwani na mikutano ya vijiji.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliahidi kutumia Kiswahili katika ngazi zote, ahadi ambayo haikutekelezwa. Somo la stadi za mawasiliano halihitaji kusubiri sera ya aina hiyo, kwa kuwa hakuna sheria inayosema kwamba mawasiliano ni Kiingereza. Mitaala ya vyuo vikuu vyetu imekuwa ikipitiwa upya chini ya mradi wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Pendekezo langu ni nusu ya somo. Nusu moja ibaki kama ilivyo, kwa Kiingereza, ikiwa na ripoti, mikataba na mawasilisho. Nusu nyingine iwe kwa Kiswahili, na mtihani wake ufanyike nje ya darasa: mwanafunzi amweleze fundi aliyeko kazini jambo moja la kitaalamu kwa dakika kumi, kisha fundi, na si mhadhiri, aulizwe ameelewa nini. Gharama yake ni nauli ya daladala na posho ndogo ya fundi.